Kabla ya kununua pikapu mpya, shika bisibisi

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita uliwashauri wapiga gitaa chipukizi kwamba anayetaka sauti nene anunue pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, yenye namba kubwa ya omu, yaani kipimo cha jinsi waya unavyoukinza umeme, na anayetaka sauti kali anunue yenye namba ndogo. Ushauri huo si wenu peke yenu. Utausikia katika maduka mengi ya ala hapa Nairobi, na muuzaji atakuwekea hata mita uone kwa macho yako. Tatizo ni kwamba mita hiyo haipimi sauti. Sisi mafundi tunaoyafungua magitaa hayo tunaomba nafasi tueleze kinachoifanya pikapu isikike inavyosikika, maana mara nyingi dawa ya gitaa linalolia vibaya haigharimu chochote, na pale inapobidi kununua, mambo ya kuangalia ni mengine kabisa.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa mara elfu kadhaa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, na mzunguko huo wa waya ndio koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga uga wa sumaku, na kule kuvurugika kunazaa umeme mdogo ndani ya waya. Omu zinakueleza jambo moja tu: waya huo ni mrefu na mwembamba kiasi gani. Weka mita kwenye P-90, pikapu ya koili moja ambayo Gibson walianza kuitumia mwaka 1946, na utasoma omu 8,000 hivi. Hamisha mita kwenye hambaka ya kawaida, ile ya koili mbili aliyoibuni Seth Lover katika kampuni hiyohiyo na kuombewa hataza mwaka 1955, utasoma omu 8,000 vilevile. Sauti zake hazikaribiani. Pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, hufungwa waya mwembamba zaidi, wa geji 43 badala ya 42, kwa hiyo omu zake zinapanda ilhali sauti yake ni laini. Tena shaba hupandisha omu kwa asilimia 0.4 kwa kila digrii ya joto. Pikapu iliyosoma 8,000 asubuhi ya Julai itasoma zaidi ya 8,300 jukwaani ikiongezeka digrii 10. Anayekataa pikapu ya 7,900 akitafuta ya 8,200 anachagua hali ya hewa.

Kazi halali ya mita ni kukagua uzima. Pikapu ya Stratocaster, gitaa jingine la Fender, ikisoma kati ya 5,500 na 6,500, koili ni nzima. Mita isipotoa namba yoyote, waya umekatika, na mara nyingi umekatikia pale mwanzo au mwisho unapolehemiwa, mahali panaporekebishika. Hambaka ikisoma 4,000 badala ya 8,000, ama koili moja imepigwa shoti ama kuna swichi inayoizima.

Kinachoamua rangi ya sauti ni henri za pikapu, yaani kiasi ambacho koili inakinza mabadiliko ya mkondo, zikikutana na kebo. Kebo nayo huhifadhi chaji, kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Vitu hivi viwili vikiungana hutokea kilele: sauti za eneo fulani zinainuka na zilizo juu yake zinaporomoka. Pikapu ya Stratocaster ya henri 2.4 kwenye kebo ya mita 5 ina kilele karibu na hezi 4,200, yaani mitikisiko 4,200 kwa sekunde. Hambaka ya henri 4.5 kwa kebo hiyohiyo iko karibu na 3,000. Zile zinazouzwa kuwa za nguvu kubwa, za henri 8, hushuka hadi 2,300. Spika ya gitaa ya inchi 12 huishia karibu na hezi 5,000, kwa hiyo mtu anayepiga benga akafungiwa pikapu ya henri 8 kwa sababu namba yake ya omu ni kubwa, atakuwa amelifunika gitaa blanketi. Na angalia hili: badilisha kebo ya mita 5 kwa ya mita 10, na Stratocaster ileile inateremka hadi hezi 3,100, palepale pa hambaka, bila mtu kugusa pikapu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa kubwa la jiji hili. Makanisani, kwenye kumbi za harusi na katika baa zenye bendi za wikendi, gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Tundu hilo limetengenezwa kwa ajili ya kinanda na redio, na mzigo wake ni omu 10,000 au 20,000. Pikapu ya kawaida inataka mzigo wa omu milioni 1. Ukiipa hambaka ya henri 4.5 mzigo wa omu 10,000, karibu nusu ya nguvu yake inapotea, na trebo inaanza kuteremka kuanzia hezi 640 hivi. Stratocaster inajitahidi kidogo zaidi; inaanza kuteremka kwenye hezi 1,060. Mpigaji anasikia gitaa limezibwa, fundi wa mitambo anapandisha trebo hadi mwisho, na kinachopanda ni mvumo na mchakacho. Kesho yake mpigaji anakwenda kutafuta pikapu mpya.

Asinunue. Atafute kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na mikisa, kinachotumia betri au umeme wa mikisa, chenye mzigo wa omu milioni 1, akiweke karibu na miguu yake, kebo ya gitaa iwe fupi, na safari ndefu ya kwenda kwenye mikisa ifanywe na kebo ya maikrofoni. Mikisa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye chaneli ya kwanza. Kazi yake ni hiyo. Pedali nyingi za kampuni ya Boss, zile za kubadilisha sauti kwa mguu, nazo husaidia hata zikiwa zimezimwa, kwa sababu ndani mna sakiti inayopokea gitaa kwa mzigo mwepesi na kulisukuma mbele. Wapiga mugithi wenye gitaa la mbao lenye piezo, kinasa kinachobanwa na nyuzi, chini ya daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, wanaumia zaidi: piezo hainyang'anywi trebo, inanyang'anywa besi, na gitaa linasikika kama kopo.

Mzigo mwingine uko ndani ya gitaa lenyewe, kwenye poti, yaani vizuizi vya kuzungusha vya volyumu na toni. Desturi ni poti za omu 250,000 kwa koili moja na 500,000 kwa hambaka. Hambaka iliyofungwa kwenye poti za 250,000 huwa na sauti iliyolegea. Kuzibadilisha poti mbili ni kazi ya nusu saa na bei yake haikaribii bei ya pikapu. Kinyume chake pia ni kweli: Telecaster inayokuchoma masikio ikiwa na poti za 500,000 hutulia ukiweka 250,000. Pima poti kabla ya kuifunga, mita ikiwa kwenye miguu miwili ya pembeni. Nyingi za bei rahisi zilizoandikwa 500,000 hupimika 400,000 na kidogo.

Sasa bisibisi. Kimo cha pikapu ndicho kinachobadilisha sauti haraka kuliko kitu kingine, na magitaa mengi hayajaguswa tangu yalipotoka kwenye boksi. Bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi kati ya upande wa chini wa uzi na kichwa cha sumaku. Rudia kwa uzi wa kwanza. Kwa pikapu za kawaida za Stratocaster, Fender wanapendekeza milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.6 upande wa uzi mwembamba. Zile za mtindo wa zamani ni 2.4 na 2. Texas Special, ambazo zina nguvu zaidi, ni 3.2 na 2.4. Gibson kwa hambaka zao hutumia 2.4 shingoni na 1.6 kwenye daraja. Usipokuwa na rula ya chuma, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76: mbili zikibanwa pamoja ni 1.5, tatu ni karibu 2.3.

Anza na pikapu ya shingoni, si ya daraja. Juu ya pikapu ya shingoni uzi unatikisika kwa upana mkubwa. Juu ya ile ya daraja hautikisiki sana. Kwa uzi wazi, sauti ya msingi kwenye shingo ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyo kwenye daraja. Kwa hiyo teremsha ya shingoni hadi besi isiwe na ukungu, halafu ipandishe ya daraja, robo mzunguko wa skrubu kwa kila hatua, hadi swichi ikihamishwa nguvu zilingane. Fanya hivyo ampu ikiwa safi, bila distosheni, kwa kuwa distosheni husawazisha kila kitu na kukuficha ukweli. Ukimaliza nguvu, sawazisha upande wa besi na wa trebo.

Ukiipandisha mno pikapu ya koili moja yenye nguzo za sumaku, sumaku inaukamata uzi. Dalili zake ni hizi: kuanzia freti ya 12 kwenda juu, uzi wa sita na wa tano unatoa sauti mbili zinazogombana, noti inakufa mapema, na gitaa linakataa kutunika hata ukilisogezea tandiko la daraja, kile kipande uzi unapokalia, mbele na nyuma. Wapiga solo wa benga hukutana na ugonjwa huu mapema kuliko wengine, kwa sababu kazi yao iko huko juu ya shingo. Kabla ya kumlaumu aliyeliweka gitaa sawa, teremsha pikapu zote tatu hadi chini, tuni upya, ujaribu tena. Ugomvi ukiisha, ulikuwa wa sumaku. Hambaka haina tabia hii sana, kwa vile sumaku yake imelala chini ya koili na kinachouelekea uzi ni skrubu za chuma tu.

Kwenye hambaka na P-90 skrubu hizo zinazungushika, na unaweza kuupandisha uzi mmoja mnyonge bila kugusa mingine. Kwenye Stratocaster za mtindo wa zamani nguzo hazilingani urefu: ile ya uzi wa tatu imesimama juu zaidi, maana zamani uzi huo ulikuwa wa kuzungushiwa waya na sauti yake ilikuwa ndogo. Siku hizi uzi wa tatu ni mtupu, kwa hiyo unapiga kelele kuliko wenzake. Usijaribu kuisukuma nguzo ishuke. Waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na ukisogea nywele moja koili imekwisha. Nunua yenye nguzo zilizolingana, au uvumilie.

Mahali pa pikapu kwenye mwili wa gitaa ni suala la mafundi wa jua kali wanaochonga magitaa, na ndipo tunapoona makosa yaliyotobolewa kwenye mbao, yasiyorudi nyuma. Kipimo cha kwanza si pikapu, ni urefu wa uzi: pima kutoka nati, kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo, hadi freti ya 12, zidisha kwa mbili. Fender wengi ni milimita 648, Gibson wengi 628. Kwenye Stratocaster ya 648, katikati ya pikapu ya shingoni iko milimita 162 kutoka kwenye tandiko la daraja, ya kati iko 98, na ya daraja iko 41 hivi kwenye mstari wa katikati. Pima kutoka pale uzi unapokaa kwenye tandiko, si kutoka ukingo wa bamba la daraja. Tofauti yake yaweza kuwa sentimita nzima. Na usihamishie namba za 648 kwenye gitaa la 628. Zigawe upya: robo ya 628 ni 157.

Kwa nini robo? Mahali hapo uzi wazi una wimbi la nne ambalo halitikisiki, kwa hiyo pikapu hailiokoti, na kinachobaki ni msingi mpana pamoja na wimbi la pili na la tatu. Ndiyo ile sauti ya mviringo ya shingoni. Wengine wamelifanya jambo hili kuwa sheria isiyovunjika. Si sheria. Ukibana freti ya kwanza tu, urefu umebadilika na kituo kimehama. Ukibana freti ya 12, pikapu ileile iko katikati kabisa ya uzi uliobaki. Kilicho kweli ni kwamba kila sentimita unayoisogeza pikapu kuelekea daraja unapunguza msingi na kuongeza ukali. Gitaa la freti 24 haliwezi kuiweka pikapu kwenye milimita 162, sababu hapo ndipo freti ya mwisho ilipo. Linaisogeza nyuma, na ndiyo maana pikapu ileile ya shingoni iliyokupendeza kwenye gitaa la freti 22 itakuudhi kwenye la 24. Anayeipenda sauti ya rumba ya shingoni afikirie mara mbili kabla ya kuagiza freti 24 asizozipiga.

Kabla ya kutoboa, jaribu. Pitisha pikapu juu ya nyuzi badala ya chini yake: igeuze uso utazame nyuzi, itundike kwenye vipande viwili vya mbao vilivyokaa pembeni, uso ukiwa milimita 3 kutoka nyuzi, ukiunganisha waya zake kwenye jeki kwa klipu. Isogeze polepole kutoka shingoni hadi darajani huku mwenzako akipiga kitu kilekile. Utasikia mahali panapofaa, utaweka alama kwa penseli, na hutakuwa umeharibu mbao ya watu.

Mstari wa nguzo chini ya nyuzi nao unataka rula. Nyuzi zinatanuka kadiri zinavyokaribia daraja. Hambaka ya shingoni huwa na milimita 49 hadi 50 kati ya nguzo ya kwanza na ya sita. Ya daraja kwenye gitaa la aina ya Fender inataka 52 hadi 53. Milimita 1 ikikosekana masikio hayatajua. Zikikosekana 2, uzi wa kwanza utafifia kila unapouvuta kwa kidole. Kuhusu kuinamisha pikapu ya daraja kama ilivyo kwenye Stratocaster: uzi mwembamba unasogezwa karibu na daraja upate makali, mnene unasogezwa mbali upate mwili. Jimi Hendrix, aliyekuwa akipiga kwa mkono wa kushoto gitaa la mkono wa kulia lililogeuzwa, alikuwa na mwinamo wa kinyume, uzi mnene ndio uliokuwa karibu na daraja. Kwa fundi anayechonga gitaa la benga ambalo uzi wa kwanza unalia kama sindano, mwinamo huo wa kinyume ni jambo la kujaribu, na kwa maoni yetu linasaidia kuliko kapasita yoyote ya kukata trebo.

Ikishapita hiyo yote na bado sauti si unayoitaka, sasa nunua. Lakini nunua kwa nafasi yako ndani ya bendi. Gitaa la solo la benga, namna unavyolisikia kwa D.O. Misiani na Shirati Jazz, ni safi, la haraka, kila noti imejitenga na jirani yake. Hapo ni koili moja ya henri 2.2 hadi 2.6, sumaku ya alniko 5 (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), swichi ikiwa daraja pamoja na ya kati. Kwenye rumba ya Kikongo, ambako solo, mi-solo (gitaa lililo kati ya mengine mawili) na rithimu husikika kwa pamoja, hatari ni magitaa matatu kukaa mahali pamoja. Rithimu ikae shingo na kati, mi-solo kati peke yake, solo daraja na kati; pikapu zote zinaweza kuwa za aina moja na bado kila gitaa likasikika. Mwenye gitaa moja katika kwaya ya kanisa, anayebeba ibada nzima peke yake, tungemshauri hambaka ya kiasi yenye alniko 2 shingoni: mgongano wa kidole ni laini na mvumo ni mdogo. Wa roki na metali ndiye pekee anayehitaji ile ya henri 8, tena kwenye daraja tu. Akiiweka na shingoni atapata matope.

Kuhusu sumaku: alniko 5 ni kali na ina mshtuko wa mwanzo, alniko 2 imelegea, seramiki ina nguvu na ni rahisi. Seramiki si mbaya yenyewe, ila madukani igeuze pikapu ya Stratocaster uitazame tumboni. Ukiona mche mweusi wa sumaku umegundishwa chini, basi nguzo unazoziona juu ni za chuma cha kawaida, si sumaku. Chuma hicho huongeza henri, na ile sauti ya kioo uliyoifuata haimo, hata kama boksi limeandikwa mwaka wa 1960 na kitu.

Kwenye hambaka, mvuto mara nyingi uko kwenye waya nne. Koili mbili za omu 4,000 zikifuatana zinasoma 8,000. Zikiwa bega kwa bega zinasoma 2,000, sauti inakuwa nyembamba na angavu lakini mvumo unabaki umefutwa. Ukizima moja unabaki na 4,000, sauti ya koili moja na mvumo wake wote. Bega kwa bega ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofaa zaidi ukumbi wenye taa za kupunguza mwanga. Rangi za waya zinatofautiana kati ya watengenezaji, na hapa watu huchoma muda. Seymour Duncan: nyeusi ndiyo ya moto, yaani inayotoa sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa pamoja, kijani na ile tupu zinakwenda ardhini. DiMarzio: nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi na nyeupe pamoja, kijani na tupu ardhini. Ukitumia mchoro wa moja kwa nyingine utapata pikapu iliyo bubu au inayolia nusu.

Pikapu mbili zikiwashwa pamoja na sauti ikawa ya puani, ndogo kuliko ya kila moja peke yake, zinapingana. Badilishana waya mbili za mojawapo. Isipokuwa hambaka yenye waya mmoja ndani ya suka ya chuma: ukibadilishana hapo, kifuniko kizima kinakuwa waya wa moto na kila ukikigusa kinanguruma. Hiyo unaifungua na kugeuza sumaku. Telecaster ya shingoni nayo, kwanza tenga waya unaokiunganisha kifuniko na koili, ukipeleke kifuniko ardhini kwa waya wake.

Mvumo wa koili moja unatoka kwenye umeme wetu wa hezi 50 na vitu vilivyochomekwa humo. Dawa ya nusu ni pikapu ya kati iliyozungushwa kinyume na yenye sumaku ya kinyume. Ikiunganishwa na jirani yake, mvumo unafutana. Ukinunua ya kati peke yake, zielekeze nyuso za pikapu mbili: zikivutana, sumaku ni za kinyume, zikisukumana ni za upande mmoja. Ukishika nyuzi na mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida, waya wa daraja unafanya kazi. Mvumo ukiongezeka unaposhika, waya za jeki zimegeuzwa. Na ukigusa maikrofoni kwa mdomo ukapigwa umeme, acha kupiga hapohapo. Si suala la pikapu tena, ni ardhi ya jengo au ya jenereta, au mtu amekata mguu wa tatu wa plagi.

Pikapu inayopiga mbinja ampu ikipandishwa, mbinja isiyobadilika hata ukizishika nyuzi zote, ina waya zilizolegea ndani. Iloweshe kwenye nta: sehemu nne za nta ya mishumaa, moja ya nta ya nyuki, kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto na kamwe si juu ya moto wenyewe, joto likiwa digrii 65, dakika 15 hadi 20. Ikipita 70, plastiki inapinda.

Kulehemu kunataka chuma cha wati 40 hadi 60. Kidogo zaidi ya hapo, mgongo wa poti unakunyonya joto, unakaa dakika nzima, na poti inaungua ndani huku lehemu ikibaki imekaa juu kama tone bila kushika. Kwaruza mgongo wa poti kwa msasa kwanza, weka lehemu kidogo, kisha waya. Tumia lehemu yenye kiini cha utomvu, inayopatikana katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue. Ile tindikali ya mafundi wa rejeta wa Kirinyaga Road hushika haraka na kupendeza siku hiyo, ila kwa waya wa milimita 0.06 itaula ndani ya miezi michache, na koili itakatika mahali ambapo hakuna fundi atakayepaona.

Mafundi wa magitaa,
Ngara, Nairobi